Rasimu ya jiji mahiri imetufikia mtaani: tuandike nini, na kuna atakayesoma?

*"Salamu kwako mshauri. Mimi ni katibu wa jumuiya ya wakazi katika mtaa mmoja wa Pwani ya Kenya. Wiki iliyopita msimamizi wa wadi alituma kwenye kundi letu la WhatsApp rasimu ya mwongozo wa kaunti kuhusu 'jiji mahiri linalomweka mtu mbele'. Ni kurasa zaidi ya 80, zote kwa Kiingereza, na tumepewa siku 14 kutoa maoni. Ndani yake kuna kamera barabarani, vibanda vya soko kulipiwa kwa simu tu, mita za maji zinazojisoma zenyewe, na kitu kinaitwa kituo cha data. Wazee wetu wanasema hayo ni mambo ya vijana wa kompyuta. Wengine wanasema tusijisumbue, yameshaamuliwa, na tena mwongozo si sheria. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne. Nahofia tukikaa kimya soko letu litahamishwa, au tutaanza kulipia vitu tusivyovijua. Nahofia pia tukiandika vibaya tutachekwa. Tuandike nini, kwa namna gani, na kuna mtu atakayesoma kweli?"*

Dada katibu,

Nitaanza na swali lako la mwisho, maana ndilo litakaloamua kama mtashika kalamu au mtaiacha. Ndiyo, kuna mtu atakayesoma. Mara nyingi huwa ni afisa mmoja au wawili wa idara ya mipango ya miji, na mbele yao wana jedwali: namba ya kifungu, nani ametoa maoni, anataka nini, kaunti inajibu nini na kwa sababu gani. Kila barua inayoingia huvunjwavunjwa ikaingizwa humo. Barua inayosema "sisi wakazi tunataka maendeleo yanayotujali" haina pa kuingia. Afisa huandika "imezingatiwa" akaendelea na nyingine. Barua inayosema "katika kifungu cha 23, baada ya neno hili ongezeni maneno haya, kwa sababu hii" inamdai jibu la ndiyo au hapana, na akisema hapana atatakiwa kutafuta sababu. Sehemu kubwa ya jibu langu itahusu namna ya kuandika barua ya aina hii ya pili.

Kwanza lakini nizungumze na wazee wenu. Wanayo sababu ya kuhisi kwamba mambo haya si yao, kwa kuwa rasimu za aina hii huandikwa na watu wa mifumo na hujaa majina ya mitambo. Hebu yavueni majina hayo muone kilichobaki. Kamera barabarani: nani anakaa kuzitazama, picha zinahifadhiwa siku ngapi, na askari akizitaka anapewa kwa utaratibu gani? Vibanda kulipiwa kwa simu tu: mama anayeuza samaki asiye na simu, au mwenye simu iliyozima chaji, analipaje? Mtandao ukikatika asubuhi, askari wa kaunti akipita saa nne, nani ana kosa? Mita zinazojisoma: kwenye nyumba ya vyumba kumi vya kupanga yenye mita moja, maji yakifungwa kutoka ofisini kwa sababu mwenye nyumba hajalipa, wapangaji waliokwisha kumpa pesa zao wanalalamika wapi? Kituo cha data: taarifa za watu wa mtaa wenu ni mali ya nani, na mkataba na kampuni ukiisha zinabaki kwa nani?

Hakuna swali hata moja kati ya hayo linalohitaji shahada ya kompyuta. Yote yanamhitaji mtu anayejua mtaa unavyoishi kuanzia alfajiri mpaka usiku, na wa kuyajibu kwa uhakika ni ninyi, kuliko mtaalamu yeyote aliyeandika kurasa zile 80. Kidato cha nne kinatosha na kubaki.

Kuhusu asili ya haya mambo, inafaa mjue kidogo kwa sababu mtaitumia. Juni 2023, jijini Nairobi, Baraza Kuu la UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi, liliazimia kwamba uandaliwe mwongozo wa kimataifa wa miji mahiri inayomweka mtu mbele. Wataalamu walioteuliwa na nchi wanachama wakaufanyia kazi, na Mei 2025, hapo hapo Nairobi, ukapitishwa. Haumfungi mtu kisheria. Kiini chake ni kwamba teknolojia ianzie kwenye shida za wakazi, haki za binadamu zilindwe, na wasio na intaneti wasiachwe nje ya huduma. Kwa hiyo kaunti inapoandika maneno "inayomweka mtu mbele" kwenye jalada, inajiwekea kipimo, na ninyi mna haki ya kuuliza ni kifungu gani ndani kinachotimiza maneno hayo.

Sasa hili la "mwongozo si sheria." Ni kweli, lakini linawapotosha. Hakuna atakayefungwa kwa kuvunja mwongozo. Ila mwongozo ndiyo karatasi ambayo watu wengine watainakili. Afisa wa ununuzi akiandika masharti ya zabuni ya kamera, atachukua maneno humo. Mfadhili akiuliza kaunti ina sera gani, ataonyeshwa mwongozo huo. Mpango wa maendeleo jumuishi wa kaunti na bajeti vitautaja, na kanuni za soko zitakazotungwa na bunge la kaunti zitafuata mkondo wake. Hatua ya mwisho ni mkataba na kampuni, na huo ndio unaofunga kweli, pengine kwa miaka mingi. Ukishatiwa saini, kuongeza sentensi moja kuhusu umiliki wa taarifa kunaweza kugharimu fedha nyingi au kushindikana kabisa. Mkataba wa namna hiyo ni kama msingi wa nyumba: choo unakihamisha kwa penseli ukiwa bado kwenye mchoro, zege likishakauka utakihamisha kwa nyundo. Ninyi mko bado kwenye penseli.

Mfano ninaopenda kuwaeleza watu ni wa Toronto, Kanada. Oktoba 2017, Waterfront Toronto, shirika la umma linaloendeleza ardhi ya ufukweni, lilitangaza kwamba litashirikiana na Sidewalk Labs, kampuni iliyokuwa familia moja na Google, kujenga mtaa mahiri mahali paitwapo Quayside, eneo la takriban ekari 12. Vihisio, yaani vifaa vidogo vinavyonasa taarifa za mazingira na watu, vingefungwa barabarani na kwenye majengo. Wakazi wakaanza kuuliza: taarifa za mtu anayepita njiani, ambaye hakusaini popote wala hakuombwa ruhusa, ni za nani? Oktoba 2018 Ann Cavoukian, aliyewahi kuwa kamishna wa faragha wa jimbo la Ontario na ambaye kampuni yenyewe ilimwajiri kama mshauri, alijiuzulu; hakupata uhakika kwamba kila atakayekusanya taarifa angelazimika kuondoa utambulisho wa mtu pale pale zinapochukuliwa. Juni 2019 kampuni ikatoa mpango wa kurasa zaidi ya 1,500, nao ulitamani eneo kubwa kuliko zile ekari 12. Makelele yakaongezeka, na Oktoba mwaka huo kampuni ikakubali kurudi kwenye ekari zake 12. Mei 2020 ikajitoa kabisa, ikitaja mashaka ya kiuchumi yaliyoletwa na korona.

Sitawaambia kwamba wakazi peke yao waliuondoa mradi ule. Wapo wanaosema hivyo, na kampuni ilisema vingine. Ninachotaka mkione ni kwamba kurasa 1,500 hazikuwanyamazisha watu, na swali lililoutikisa mradi halikuwa la kihandisi. Lilikuwa la nani anamiliki na nani anaamua, nalo liliulizwa kabla jengo moja halijasimama.

Kwetu pia yapo ya kujifunza. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba utoaji wa kadi za Huduma, vile vitambulisho vya kidijitali, haukuwa halali, kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa ulinzi wa data, kama inavyotakiwa na kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mamilioni ya watu walikuwa wameshapanga foleni na kutoa alama za vidole. Tathmini hiyo ni andiko linalopaswa kueleza, kabla kazi haijaanza, ni taarifa gani zitachukuliwa, kwa nini, zitalindwaje na mtu atadhurikaje zikivuja. Nendeni kwenye rasimu yenu mtafute kama imetajwa popote. Kama haimo, hilo ndilo la kwanza kuandika.

Tuje kwenye "yameshaamuliwa." Siwezi kukuapia kwamba si kweli, maana hutokea. Njia ya kujua ni kuangalia karatasi. Je, bajeti ya mwaka huu ina fungu la kamera au la mfumo wa malipo ya soko? Je, kuna zabuni iliyotangazwa tayari? Je, kuna makubaliano ya awali na kampuni fulani? Mkikuta zabuni imeshatangazwa, barua yenu ibadilike: ombeni vifungu viingizwe kwenye masharti ya zabuni, kwa kuwa huko ndiko kazi iliko. Msipokuta kitu, basi bado kuna nafasi, hata kama wakubwa wana kampuni yao kichwani.

Na sheria iko upande wenu kuliko mnavyodhani. Ibara ya 10 ya Katiba ya 2010 imeutaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 87, inataka wananchi wapate kwa wakati taarifa na hati zinazohusu sera zinazotungwa. Mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya British American Tobacco, Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza vipimo vya ushirikishwaji wa kweli: jambo lenyewe lieleweke, utaratibu uwe wazi na rahisi, watu wa aina zote wafikiwe, na wananchi waelimishwe kwanza kuhusu kile wanachoulizwa. Ikasema ushirikishwaji si pambo wala jambo la kutimiza tu ratiba. Sasa pima: kurasa 80 za Kiingereza, kupitia kundi la WhatsApp, kwa mtaa ambao wengi wana simu za mulika mwizi. Hapo mna hoja, tena nzito.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hamjaandika neno juu ya kamera, pelekeni barua fupi mkiomba mambo mawili: muhtasari kwa Kiswahili na muda uongezwe. Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, hivyo hamwombi hisani. Katika barua hiyo hiyo, au nyingine ya pembeni, ombeni habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: mafungu ya bajeti, makubaliano yoyote na kampuni, na orodha ya mahali kamera zinapokusudiwa kuwekwa. Sheria hiyo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na asiyejua kuandika anapaswa kusaidiwa na afisa. Ila tazama kalenda: ofisi ina hadi siku 21 kukujibu, na ninyi mmepewa 14. Jibu laweza kuja mlango umeshafungwa. Ndiyo maana ombi la habari na ombi la muda viende pamoja, huku mkiendelea kuandika maoni kana kwamba hamtaongezewa hata siku moja.

Kila barua iwe na nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili mnarudi nayo ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Mkituma kwa barua pepe, itumeni na kwa mkono. Nimeona vikundi vyenye hoja nzuri sana vikikosa pa kushika baadaye kwa kukosa mhuri ule mdogo.

Sasa maoni yenyewe. Msijaribu kujibu kurasa zote 80. Gawaneni: watu wanne, kila mmoja na jambo lake moja kati ya yale manne uliyoyataja, pamoja na kijana mmoja anayesoma Kiingereza vizuri wa kuwafasiria. Chagueni vifungu vitano au sita vinavyogusa maisha ya mtaa moja kwa moja. Kwa kila kimoja andikeni vitu vitatu: kifungu kinasema nini sasa, mnataka kisemeje, na kwa nini. Nikuandikie kimoja kama mfano, cha soko:

"Kifungu cha malipo ya vibanda kibadilishwe kisomeke: Malipo yatapokelewa kwa simu ya aina yoyote, ikiwemo isiyo na intaneti, na kwa fedha taslimu katika ofisi ya soko kwa stakabadhi iliyochapishwa. Mtandao ukikatika, mfanyabiashara hatahesabiwa kuwa amechelewa. Sababu: tumewauliza wafanyabiashara wa soko letu mmoja mmoja; idadi yao na aina ya simu walizo nazo imeambatishwa."

Ona kwamba mfano huo haukatai malipo ya simu. Kaunti ina sababu ya haki ya kuyataka: fedha taslimu huvuja njiani kati ya mkono wa mkusanyaji na benki, na zinazopotea ndizo zingejenga choo cha soko. Mkikataa moja kwa moja mtaonekana mnatetea uvujaji. Mkidai stakabadhi ya kuchapishwa na njia ya pili kwa asiyeweza, mnatibu shida ya kaunti na yenu kwa pamoja, na afisa atapata ugumu kuwakatalia. Ulizeni pia kama "malipo ya simu" yanamaanisha programu ya kupakua au namba za kubonyeza kwenye simu yoyote. Neno moja hilo linaweza kuwaweka nje watu wengi wa soko lenu.

Kwa kamera, ombeni tathmini niliyoitaja ifanyike na itangazwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya wadi kabla ya nguzo kusimikwa. Muda wa kuhifadhi picha uandikwe kwa siku, si kwa maneno kama "muda unaofaa". Na iwepo namba au dirisha la kulalamika. Msiache kusema lililo jema pia. Kama kuna kichochoro ambacho akina mama wanaporwa jioni na mnataka taa na kamera hapo, semeni ni kipi. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, lakini hamjazuiwa kutaka usalama. Mimi binafsi ningedai taa kwanza: zinamsaidia mtu papo hapo, ilhali kamera mara nyingi humsaidia baada ya kuumizwa.

Mita zinazojisoma zina faida ya kweli. Uvujaji hugundulika mapema, na yale makadirio ya bili yanayowakera watu hupungua. Hatari yake ni kwamba anayefunga maji hahitaji tena kufika mlangoni kwenu akaona kuna mgonjwa ndani. Ibara ya 43 inatambua maji safi ya kutosha kuwa haki, basi dai lenu liwe utaratibu: notisi ya maandishi kabla ya kufungiwa, wapangaji waarifiwe na si mwenye nyumba peke yake, na anayepinga bili asifungiwe kabla hajasikilizwa.

Kuhusu kukusanya sauti za mtaa, jifunzeni kutoka Mukuru, mitaa ya mabanda jijini Nairobi. Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Kaya zilikuwa zaidi ya 100,000, na hakuna uwanja unaoweza kuwakutanisha watu wote hao. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na washirika wake wakawapanga wakazi kwa kaya kumi kumi, kila kumi na mwakilishi wake, na makumi yakakusanywa kuwa mamia mpaka kufikia ngazi ya mtaa mzima. Waliingia na ushahidi mkononi pia: utafiti ulionyesha kwamba watu wa Mukuru wanalipia maji na umeme kwa bei ya juu kuliko wakazi wa mitaa iliyopangwa, kwa huduma mbaya zaidi. Si yote yaliyopangwa yamejengwa. Lakini wapangaji wa kaunti walilazimika kukaa meza moja na watu waliozijua njia zao, na kuna barabara zilizopita tofauti na zingepita kwenye mchoro wa ofisini.

Ninyi hamhitaji mfumo mkubwa hivyo. Mna makundi ya nyumba kumi kumi, mna jumuiya, mna vyama vya akina mama. Ombeni kila mzee wa nyumba kumi alete majibu ya maswali matatu tu: nani kwenu hana simu ya intaneti, maji mnalipiaje, na wapi panatisha usiku. Wasaka maoni waende pia kwa wasiofika mikutanoni: wapangaji, wachuuzi wa mikokoteni, mtu mwenye ulemavu asiyetoka, mama ambaye saa ya mkutano ndiyo saa ya kupika. Kama mna kijana wa kuchora, chora ramani ya soko na mtaro unaofurika. Dar es Salaam wamefanya hivyo kwa ukubwa: kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko, wakachora nyumba, mitaro na mahali maji yalipofika, na ramani ikawa wazi kwa kila mtu. Kibera walishafanya yao mwaka 2009, wakati ramani nyingi bado zilipaonyesha kama pori tupu. Ramani ya mkono iliyopigwa picha ni ushahidi, na afisa hawezi kuijibu kwa "imezingatiwa."

Tahadhari moja hapa. Mnapoorodhesha watu, msiandike namba za vitambulisho wala magonjwa ya watu kisha mkazituma kwenye kundi la WhatsApp. Mnadai kaunti ilinde taarifa za wakazi. Zenu zilindwe pia. Hesabu ya jumla inatosha kwenye barua, na orodha yenye majina ikae kwenye faili la katibu.

Mtauliza: barua moja ya jumuiya, au kila mtu aandike yake? Wengi huamini kwamba barua mia zilizonakiliwa zina uzito mara mia. Kwenye jedwali zile mia kwa kawaida huhesabiwa kuwa oni moja, kwa sababu zinasema kitu kimoja. Ningeshauri barua moja ya jumuiya yenye vifungu na saini za wanachama, na juu yake watu wachache waandike au waseme yao wenyewe: muuza samaki, mpangaji, dereva wa tuktuk. Kikao cha hadhara kikiitishwa, nendeni, ila msikitegemee peke yake. Mtu hupewa dakika mbili, mikrofoni hukatika, na mwandishi wa kumbukumbu anaweza kuandika kinyume cha ulichosema. Semeni kisha mkabidhi maandishi hapo hapo mbele ya watu. Na wala msiwaachie mashirika yawaandikie barua nzima. Msaada wao wa kisheria pokeeni kwa mikono miwili, lakini maneno yenye harufu ya ofisi za Nairobi hayatamshawishi mtu kwamba yametoka sokoni kwenu.

Je, wakiyakataa yote? Inawezekana, na mahakama za Kenya zimekwisha kusema kwamba kushirikishwa hakumaanishi kila oni likubaliwe. Ombeni basi ripoti ya ushirikishwaji, lile jedwali lililojazwa, muone mmejibiwa nini. Rasimu ikienda bunge la kaunti, mwoneni mwakilishi wadi wenu na karani wa bunge hilo. Ibara ya 196 inalitaka nalo liwashirikishe wananchi, hivyo mna nafasi ya pili. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinawapa haki ya kupeleka ombi rasmi kwa serikali ya kaunti. Mkinyimwa habari mlizoomba, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wanayoiita Ombudsman. Mahakama iwe ya mwisho. Ni ndefu, ina gharama, na ushahidi wake ni zile nakala zenye mhuri.

Yako mambo ambayo barua na ushauri wa mbali havitoshi, na hapo nakusihi mtafute mtu wa kukaa naye ana kwa ana. La kwanza ni hilo la kuhamishwa soko. Ukikuta kwenye rasimu au kwenye ramani zake maneno kama "eneo la uendelezaji upya" yakiangukia soko au nyumba zenu, msingoje siku 14 ziishe. Nendeni kwa wakili wa ardhi au kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu mkiwa na stakabadhi za kodi za vibanda, barua za ugawaji na picha. Marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Ardhi yanataka notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu, hata wanaodaiwa kukaa bila kibali, lakini namna inavyowahusu ninyi inategemea ardhi ni ya nani, na hilo wakili lazima alione kwenye hati. La pili, kama kuna mtu ambaye taarifa zake zimeshatumiwa vibaya, kwa mfano ameandikishwa kwenye mfumo wa soko bila kuambiwa kisha akaanza kudaiwa, apeleke malalamiko Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. La tatu, ramani za rasimu zikiwashinda, mtafuteni mpangaji wa miji aliyesajiliwa, au idara ya mipango ya chuo kikuu, waje siku moja wawatembeze mtaani rasimu ikiwa mkononi.

Kwa sasa lenye haraka ni ile barua ya muhtasari na muda. Iandike leo usiku kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, mwenyekiti atie saini, ifike ofisi ya wadi asubuhi kabla ya saa nne, na nakala yako usiiache kwa karani mpaka uone mhuri umegongwa.